Kumfundisha mwanafunzi wa chuo kutafuta, kupima na kutumia taarifa: mwongozo kamili kwa wakufunzi na wakutubi wa Mwanza

Chukua ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, fungua ukurasa wa marejeo, chagua rejeo moja katikati ya orodha, kisha umwombe mwenye ripoti akuonyeshe hoja aliyoiandika iko ukurasa gani wa makala hiyo. Wengi hukwama hapo. Wamefundishwa kupanga marejeo kwa alfabeti, kuweka mkato na nukta mahali pake, lakini hakuna aliyekaa nao akawaonyesha taarifa inatoka wapi, inapita mikononi mwa nani, na inabadilika vipi njiani. Ustadi huo unafundishika. Tena sisi tulio kandokando ya ziwa tuna bahati, kwa sababu mifano mizuri ya kuufundishia tunaiona kwa macho.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mkufunzi au mkutubi mwenye darasa kubwa, intaneti ya kubahatisha na wanafunzi wanaotegemea bando la siku. Unahitaji vipindi kama 8 vya saa moja na nusu, na hatua zake zinafuatana. Ukiwa na muda wa vipindi 3 tu, fundisha hatua ya pili, ya tano na ya saba.

Hatua ya kwanza: Funga somo kwenye kazi yenye alama

Ile ziara ya maktaba ya wiki ya kwanza, ambapo wanafunzi 200 wanapitishwa kati ya rafu na kuambiwa saa za kufungua, haijengi ustadi wowote. Mtu hujifunza kutafuta akiwa na kitu anachokitafuta. Kwa hiyo, kama wewe ni mkutubi, mfuate mhadhiri wa somo la mbinu za utafiti kabla muhula haujaanza, mkubaliane kuhusu kazi moja mtakayoisimamia pamoja. Kama wewe ndiye mhadhiri, mwite mkutubi darasani kwako na umpe vipindi halisi, maana dakika 10 za salamu mwishoni hazitoshi kitu.

Gawa darasa katika makundi ya watu wanne wanne, kila kundi liwe na angalau simu janja moja. Pakua mapema makala mbili tatu utakazozitumia, uziweke kwenye flashi na simu yako ili zigawiwe bila kula bando la mtu. Andaa pia karatasi za manila na maka peni. Umeme ukikatika, kipindi kiendelee.

Kila kundi lianze daftari la utafutaji siku hiyohiyo. Humo wataandika tarehe, mahali walipotafuta, maneno waliyoyatumia, walichokipata, na walichokiacha na kwa nini. Daftari hili ndilo utakalolisahihisha mwishoni, kwa hiyo waambie mapema.

Hatua ya pili: Geuza mada kuwa swali

Mwanafunzi atakuletea mada kama “Athari za uvuvi haramu katika Ziwa Victoria”. Usiikatae. Iandike ubaoni, kisha liache darasa liihoji. Uvuvi haramu upi: makokoro, nyavu za timba, au sumu? Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 na nchi tatu zinaligawana, sasa wewe unazungumzia upande gani? Athari kwa nani: samaki, mvuvi, mchuuzi, au mapato ya halmashauri? Kwa kipindi gani?

Baada ya nusu saa ya maswali, kundi moja linaweza kufika hapa: “Wauzaji wa dagaa katika mwalo wa Kirumba hufanya nini kupunguza upotevu wa dagaa wakati wa masika?” Hapo kuna kitu cha kushika. Kuna watu unaoweza kuwafikia kwa daladala, kuna msimu unaojulikana, kuna tatizo ambalo kila anayeanika dagaa analijua: mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mzigo unaoza au unashuka bei na kuishia kwenye chakula cha kuku.

Napima swali la mwanafunzi kwa maswali matatu. Je, tayari unajua jibu? Kama unalijua, hilo ni tamko, halihitaji utafiti. Je, mwenye taarifa unaweza kumfikia ndani ya muda na nauli uliyonayo? Je, kuna mtu ambaye jibu lako litamsaidia kuamua jambo? Swali likishindwa katika mojawapo, lirudishwe likapunguzwe. Kaa na hatua hii vipindi viwili kama inabidi. Kazi nyingi za wanafunzi zinazokwama huko mbele huwa zilianza na swali pana mno, na msimamizi akalipitisha kwa sababu ya foleni mlangoni.

Hatua ya tatu: Kusanya majina yote ya kitu kimoja

Mwanafunzi akiandika “dagaa” kwenye Google atapata mapishi, bei za sokoni na habari za Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wengine kabisa, na utafiti unaowahusu haujibu swali la Kirumba. Kwa hiyo kabla hawajagusa simu, kila kundi lichore manila yenye swali katikati, na kuzunguka kila neno muhimu waandike majina yake yote wanayoweza kuyapata.

Kwa dagaa wa kwetu orodha itakuwa hivi: dagaa, omena kwa upande wa Kenya, mukene kwa upande wa Uganda, na jina la kisayansi, Rastrineobola argentea. Jina hilo la kisayansi ndilo ufunguo, kwa sababu halibadiliki ukivuka mpaka, na halimchanganyi samaki huyu na yule wa Tanganyika. Mwanafunzi asiyelijua ataambulia sehemu ndogo tu ya yaliyoandikwa, kisha aandike kwenye ripoti yake kwamba “tafiti kuhusu jambo hili hazipo”. Fanya vivyo hivyo kwa kuanika, kukausha, upotevu baada ya kuvuna, na kwa ugonjwa, sheria au zao lolote ambalo kundi lingine limelichagua. Tafiti nyingi kuhusu ziwa hili zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo orodha iwe na maneno ya lugha zote mbili.

Sasa wafundishe alama chache za kutafutia, na kila moja waijaribu papo hapo. Maneno yakiwekwa ndani ya alama za nukuu, kitafutio huyachukua kama fungu moja: “Rastrineobola argentea”. Alama ya kutoa iliyobanana na neno huliondoa neno hilo, kwa mfano dagaa -Tanganyika. Ukiandika site:go.tz unabaki na tovuti za serikali yetu, na site:ac.tz unabaki na za vyuo vyetu. Ukiongeza filetype:pdf unapata nyaraka zenyewe, zikiwemo ripoti ambazo huwezi kuzifikia kwa kubofya kurasa za tovuti husika. Alama hizi nne zinatosha kwa muhula mzima.

Hatua ya nne: Jua mlango wa kila aina ya taarifa

Hapa usirundike majina ya tovuti. Mwanafunzi aelewe kwamba kila aina ya swali ina mlango wake.

Kwa makala za kitaaluma, aanze na Google Scholar. Muonyeshe kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: chini ya kila tokeo lililokwisha kunukuliwa kuna kiungo kinachoorodhesha kazi za baadaye zilizoinukuu makala ile. Kwa kiungo hicho mwanafunzi anatoka kwenye makala ya 1992 hadi ya mwaka huu bila kubahatisha. Kisha aende African Journals Online, yaani AJOL, iliyoanzishwa 1998 kukusanya majarida ya Afrika, na sehemu kubwa ya makala zake zinapakuliwa bure. Makala ikidai malipo ya dola, asilipe na asikate tamaa. Aulize kwanza kama chuo kimejisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo, ambao ndani yake Hinari ni ya afya na AGORA ni ya kilimo na chakula. Nywila huwa maktaba, na mara nyingi inakaa bila kuombwa na mtu. Akikosa huko, atafute kwenye hazina za kidijiti za vyuo, au amwandikie mwandishi barua pepe ya heshima kumwomba nakala. Watafiti wengi hutuma.

Kwa takwimu za watu na kaya, mlango ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa sheria na hukumu, ni TanzLII, hazina ya mtandaoni ya sheria za Tanzania. Kwa samaki na ziwa, ni TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yenye kituo hapa Mwanza, na FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, pale Nyegezi. Kwa afya, ni kituo cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na maktaba ya CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki, Bugando. Wanafunzi wetu wanapita jirani na taasisi hizi kila siku na hawajui kwamba ndani yake mna ripoti zinazowahusu. Andika barua ya utambulisho, wapeleke.

Hatua ya tano: Fuata dai mpaka chimbuko lake

Hatua hii ndiyo moyo wa mwongozo mzima, na kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu ningefundisha hili. Chagua dai linalorudiwa sana, kisha darasa zima lilifuate kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwa mtu aliyehesabu kwa mikono yake.

Dai ninalolipendekeza ni hili: “Sangara walimaliza spishi 200 za furu katika Ziwa Victoria.” Furu ni wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, na sangara ni samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Dai hili utalikuta kwenye magazeti, kwenye vitabu vya kiada na kwenye ripoti za wanafunzi, kila mahali kwa maneno tofauti kidogo. Wape makundi dakika 20 wakusanye matoleo yake. Watarudi na mchanganyiko: 200, 300, zaidi ya 500, “karibu zote”. Andika zote ubaoni pamoja na mahali zilipotoka, kisha uliza: kila mwandishi alimnukuu nani?

Wakifuata marejeo kurudi nyuma kwa uvumilivu, njia nyingi zitawafikisha kwenye makala ya Frans Witte na wenzake ya mwaka 1992 katika jarida la Environmental Biology of Fishes. Hapo ndipo darasa huchangamka, kwa sababu watakuta kwamba takwimu zenyewe zilikusanywa hapahapa, katika Ghuba ya Mwanza. Watafiti walikuwa wamehesabu furu kwenye vituo vyao vya kuvulia kabla sangara hawajaongezeka, wakaendelea kuhesabu baada ya hapo. Kati ya spishi zaidi ya 123 walizokuwa wakizipata, kama 80 hazikuonekana tena kwenye nyavu zao baada ya 1986. Kutokana na hali ya ghuba, ndipo wakakadiria ziwa zima: kwamba kati ya spishi zaidi ya 300, karibu 200 zimekwisha kutoweka au ziko hatarini kutoweka.

Mpe kila mwanafunzi karatasi, aandike mwenyewe tofauti kati ya chimbuko na dai. Atakuta kwanza kwamba 200 ni makadirio, kilichohesabiwa ni 80. Atakuta maneno “au ziko hatarini” yamedondoka njiani. Atakuta eneo lililopimwa ni ghuba moja, na dai linazungumzia ziwa lote. Tena akibofya kile kiungo cha waliomnukuu Witte, atakuta tafiti za miaka ya 1990 zikionyesha baadhi ya furu wamerudi kuonekana, na nyingine zikieleza kwamba kuchafuka kwa maji na kufifia kwa mwanga ndani yake nako kulichangia kuwapunguza furu, mbali na sangara.

Sisitiza kwamba hakuna aliyedanganya hapa. Maangamizi ya furu ni ya kweli na ni makubwa mno. Lakini kila mkono ulioipokea taarifa uliifupisha kidogo, na mwanafunzi anayenukuu mkono wa tano anabeba makosa ya minne iliyotangulia. Baada ya zoezi hili huhitaji kuwahubiria kuhusu chanzo cha kwanza na cha pili, wameshaliona jambo lenyewe.

Mazoezi mafupi ya kuongezea hayakosekani. Sehemu ya Tanzania katika ziwa imeandikwa asilimia 49 katika nyaraka za zamani na asilimia 51 katika nyingi za sasa. Waitafute kila moja inaanzia wapi. Idadi ya watu wa Mkoa wa Mwanza ilikuwa 2,772,509 katika sensa ya 2012 na 3,699,872 katika sensa ya 2022. Wape ripoti ya karibuni inayosema “takriban milioni 2.8” waeleze wamegundua nini. Idadi ya waliofariki katika ajali ya meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, inatajwa tofauti na vyanzo tofauti, na kuna sababu za msingi zinazohusu orodha ya abiria. Zoezi hilo lifundishe kwa staha, kwa kuwa darasani mwako yumkini kuna aliyepoteza ndugu.

Hatua ya sita: Toka nje ya ukurasa unaoupima

Wanafunzi wengi huipima tovuti kwa kuitazama: ina nembo, ina lugha nzuri, inaishia na .org, basi ni ya kuaminika. Utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotoka 2017, uliwalinganisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa ukweli wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walidanganywa na mwonekano wa tovuti. Wakaguzi waliufungua ukurasa, wakatoka haraka, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni nani, nani anawalipa, wengine wanasemaje juu yao?

Wafundishe hivyo. Tovuti ikifunguliwa, mwanafunzi ana dakika mbili za kuiacha na kutafuta jina la wenye nayo kwingineko. Kwa ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi, achukue sentensi moja aitafute ikiwa ndani ya alama za nukuu, na picha aitafute kwa utafutaji wa picha. JamiiCheck na NuktaFakti hukagua habari za Tanzania kwa Kiswahili, aanzie hapo. Majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ukilipia nayo yapimwe vilevile: tafuta wahariri wake kwa majina, uone kama kweli wapo na kama wanajua wamo.

Hatua ya saba: Soma kwa Kiingereza, eleza kwa Kiswahili, ndipo uandike

Kunakili kwingi ninakokuona kunatokana na woga wa lugha. Mwanafunzi amesoma aya ya Kiingereza kigumu, ameielewa nusu, anaogopa kuigusa isije ikaharibika, anaibandika kama ilivyo. Kumtishia kwa programu ya kukagua wizi wa maandishi kunamfundisha kubadilisha neno moja moja tu.

Jaribu njia hii. Kila mmoja asome aya moja mara mbili, aifunike, kisha amweleze jirani yake kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndiyo lugha yao, mwandishi anasema nini. Jirani aulize mpaka aelewe. Msomaji akikwama, afunue asome tena. Akimaliza ndipo aandike sentensi mbili za Kiingereza chake mwenyewe, aweke jina la mwandishi na mwaka, kisha alinganishe na makala kuona kama hajapotosha. Inachukua dakika 15 kwa aya moja, na mwanafunzi aliyepitia njia hii mara kadhaa huanza kuandika kama mtu mwenye mawazo yake. Kwa kutunza marejeo, wafundishe Zotero, ambayo ni ya bure, ila waiguse baada ya ustadi huu, wasianze nayo.

Akili mnemba izungumzwe waziwazi, maana wanaitumia. Inafaa kueleza dhana ngumu, kupendekeza maneno ya kutafutia, kurekebisha sarufi. Haifai kuwa chanzo. Programu hizi zinaweza kuunda marejeo yasiyokuwepo, yenye jina la mtafiti anayejulikana, jarida la kweli na mwaka unaoingia akilini. Fanyeni jaribio darasani: iombeni programu makala 10 kuhusu dagaa wa Ziwa Victoria, kisha kila kundi likague mbili. Je, kichwa kinapatikana kwenye Google Scholar? Je, namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, ikiwekwa kwenye doi.org inafungua makala hiyohiyo? Matokeo yaandikwe ubaoni.

Na zile ripoti zinazouzwa steshenari jirani na vyuo, zikibadilishwa jalada tu, dawa yake ni daftari la utafutaji. Ripoti inaweza kununuliwa. Daftari la wiki nane lenye kusuasua kwake halina muuzaji.

Hatua ya nane: Mpeleke kwa mwenye taarifa

Mama anayeanika dagaa Kirumba kwa miaka mingi ana taarifa ambayo hakuna makala inayo. Lakini kwake nako kuna utaratibu. Barua ya chuo kwanza, kisha halmashauri, mtendaji wa kata na uongozi wa mwalo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa pia mwanafunzi anayekusanya majina na namba za simu, kwa hiyo asikusanye asichokihitaji, na picha asipige bila ruhusa.

Wafanye igizo darasani kabla ya kwenda. Mwanafunzi asianze na dodoso mkononi. Aanze na “Shikamoo mama, pole na kazi,” ajitambulishe, aeleze anachotafuta na kwamba mama anaweza kukataa bila ubaya wowote. Aende wakati mzigo umeshaanikwa, asiwavamie watu saa ya kupima na kuuza. Aulize maswali yanayofungua mazungumzo: “Juzi mvua ilipokuja ghafla, mlifanyaje?” huleta mengi kuliko “Je, mvua huathiri biashara yako?” Na jibu analolipata lipimwe kama chanzo kingine chochote, kwa kuwauliza watu wengine watatu wanne na kulilinganisha na alichokisoma.

Kutoa alama

Kati ya alama 100, napendekeza 40 ziende kwenye daftari la utafutaji, 30 kwenye zoezi la kufuata dai, 20 kwenye andiko lenyewe na 10 kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Mahojiano hayo ni ya dakika 5 kwa kila kundi: unachagua rejeo moja, wanalifungua mbele yako, wanakuonyesha sentensi waliyoitegemea, na wanakuambia mwandishi alijuaje. Mhoji mwanakundi aliye kimya zaidi. Wakishindwa, usiwape sifuri siku hiyo. Warudishe wiki moja wakalifuate rejeo hilo hadi walifikie au walifute, na andiko lirekebishwe kulingana na walichokikuta.